Nilivyompa mgeni funguo za kompyuta yangu

Kama uko na kompyuta nyumbani, kumbuka mara ya mwisho skrini ilipofifia ghafla, kadirisha kakatokea katikati na kukuuliza kama unaruhusu programu fulani ibadilishe mambo kwenye mashine yako. Ulisoma kilichoandikwa pale? Ama ulibonyeza "Yes" haraka ndio kakuondokee machoni?

Usinijibu. Jibu lako nalijua kwa sababu lilikuwa langu pia, na karibu liniharibie mazishi ya mtu.

Mimi natoka bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, pale mteremko wa Kanyamwa unapotazamana na milima ya Ruri na mbuga ya Ruma imelala katikati. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Nilirudi nyumbani na begi moja na laptopu moja. Najua mwalimu wako wa Kiswahili angependa niseme kipakatalishi, lakini huku sokoni ukisema hivyo watu wanadhani unauza dawa.

Hiyo laptopu mathe aliinunua baada ya kuuza fahali, nikiwa mwaka wa kwanza. Ilikuwa mtumba, shilingi 22,000, betri haimalizi saa moja. Niliporudi bila cheti, ndicho kitu pekee kilichobaki cha kumwonyesha kwamba fahali wake hakwenda bure. Kwa hivyo niliiweka kazini. Binamu yangu alinipa kona dukani kwake sokoni Ogongo, nikaanza kuchapa barua, kujazia watu fomu za HELB na KUCCPS, kupanga CV, na ile kazi ambayo kwetu haikosi wateja: vitabu vya mazishi.

Kama hutoki huku, nikueleze. Kitabu cha mazishi si karatasi moja yenye ratiba. Ni kijitabu chenye picha ya marehemu mbele, historia ya maisha yake, majina ya watoto, wajukuu, wakwe na ndugu, kisha picha za ndani. Ukimsahau mkwe mmoja, utaisikia hiyo habari miaka kumi. Familia huenda nacho nyumbani na kukiweka pamoja na hati za shamba. Kwa wazee wengi, ndiyo mara ya pekee maisha yao kuandikwa.

Sasa sikiliza nilivyojiletea balaa.

Mashine ilikuwa imechoka. Ukifungua Word, chai inapoa kabla ukurasa haujatokea. Nikaingia mtandaoni na bando yangu ya mwisho, nikapata video ya jamaa anayeahidi kuifanya kompyuta yoyote ikimbie. Chini yake kulikuwa na kiungo cha faili ndogo sana, jina lake linaishia na .bat. Maagizo yalikuwa matatu: antivairasi ikilalamika, izime, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Run as administrator", yaani iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi.

Nikafanya yote matatu. Dirisha jeusi likafunguka, maandishi yakakimbia kama dakika moja, likajifunga. Nikawasha upya. Wacha nikuambie ukweli, mashine ilikuwa nyepesi! Niliwaambia wasee sokoni, wawili wakaleta flashi nikawanakilia na wao.

Baadaye ndipo nilielewa wepesi huo ulitoka wapi. Askari wa langoni alikuwa amefukuzwa, kwa hivyo hakuna aliyekuwa akipekua mizigo ya wageni.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa amenipa kazi ya kitabu cha kaka yake, mazishi Jumamosi. Nilikuwa nimeketi na dani, mamake marehemu, nyanya wa zaidi ya miaka themanini, nikamrekodi kwa simu akinisimulia mwanawe: alivyozaliwa, alivyoenda kufanya kazi ya sukari Awendo, alivyorudi kujenga. Dakika arobaini na kitu. Simu ilikuwa imejaa, nikahamishia rekodi kwenye laptopu na kuifuta kwenye simu. Picha za marehemu zilikuja kwenye memori kadi. Nazo nikazihamisha, kwa sababu mpwa wake aliitaka kadi hiyo ikiwa tupu. Angalia hilo neno. Nilihamisha. Sikunakili.

Alhamisi asubuhi nilifungua mashine na kila faili ilikuwa imeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina. Picha hazifunguki. Historia niliyokuwa nimechapa nusu haifunguki. Hata CV za wateja wa mwezi uliopita. Kulikuwa na barua moja tu inayosomeka, ya Kiingereza, ikisema faili zangu zimefungwa kwa msimbo na nilipe dola 980. Nikiwasiliana nao ndani ya saa 72, watanipunguzia hadi dola 490.

Dola 980 ni zaidi ya shilingi laki moja. Fahali wa mathe zaidi ya mara nne.

Skripti ni nini, na msimamizi ni nani

Skripti ni orodha ya amri zilizoandikwa kwenye faili ya kawaida, ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine. Fikiria karatasi unayompa mtoto akienda dukani: nunua sukari nusu kilo, mpe muuza duka mia, rudi na chenji. Mtoto haulizi kwa nini. Kama kwenye karatasi mtu ameongeza "ukirudi, mpe huyo mtu aliye njiani funguo za nyumba", mtoto atampa.

Skripti si kitu kibaya. Mimi mwenyewe natumia kadhaa hadi leo. Suala ni mamlaka inayotumwa nayo.

Kwetu Waluo, kijana akikomaa hujengewa nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Inaitwa simba, na hapa simwongelei mnyama. Ndani ya simba yako wewe ni mfalme: lala saa unayotaka, piga muziki, karibisha marafiki. Lakini huwezi kuamka asubuhi ukauza ng'ombe wa mzee, wala kuhamisha lango, wala kubomoa jiko la mama. Hayo ni ya mwenye boma.

Kompyuta yako ina mpango uo huo. Kuna akaunti ya kawaida, hiyo ndiyo simba. Kuna akaunti ya msimamizi, huyo ndiye mwenye boma: anaweza kuweka na kutoa programu, kuzima ulinzi, kugusa faili za mfumo na za watu wote wanaotumia mashine. Unapobofya "Run as administrator", unamwambia mgeni: shika funguo za boma lote, mimi nimeenda sokoni.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Programu ikishapewa mamlaka hayo, kila programu nyingine inayoiita inaingia nayo. Mgeni wako anaweza kuleta mgeni wake, naye hataulizwa chochote langoni. Wazee wa Lambwe wanaelewa hili upesi, kwa sababu bonde hili lilijulikana kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Kitu kilichoangusha mtu mzima na ng'ombe mzima kilikuwa mdudu mdogo.

Fundi alipofungua ile faili

Alhamisi hiyo hiyo nilipanda matatu hadi mjini Homa Bay kwa fundi mmoja ninayemheshimu. Hakunigombeza. Aliifungua ile faili ya .bat kwa Notepad mbele yangu, kitu ambacho ningeweza kufanya mwenyewe bila senti moja. Mistari kumi na moja. Mitatu ilikuwa ya kufuta takataka kweli, ndio maana video haikuonekana kama uongo mtupu. Mingine iliiambia Windows Defender isikague diski yangu, kisha ikapakua programu kutoka mtandaoni na kuiendesha.

Akaniambia jina la kilichopakuliwa: kirusi cha ukoo unaoitwa STOP, au Djvu. Kimekuwa kikisumbua kompyuta za nyumbani tangu karibu 2018, na njia yake kuu ni programu za wizi, zile za kuvunja leseni, na faili za bure kama niliyochukua. Wakati huo bei zake zilikuwa hizo hizo kwa kila mtu: 980, ama 490 ukiwahi.

Nikamuuliza: kama singetumia mamlaka ya msimamizi, ningepona? Jibu lake lilikuwa la ukweli, na ndio sababu namwamini. Alisema si yote. Picha zako na barua zako ziko ndani ya simba yako, na chochote unachokiendesha kwa jina lako kinaweza kuzigusa. Simba ikiwaka moto, shuka zako zinaungua.

Lakini funguo za boma ziliongeza mambo matatu. Kwanza, ulinzi ulizimwa, na bila mamlaka hiyo usingezimika. Pili, nakala za siri ambazo Windows hujiwekea ili urudishe faili za jana zilifutwa. Tatu, faili ya mfumo inayoitwa hosts ilibadilishwa, tovuti za kampuni za usalama zikawa hazifunguki kwangu. Yaani nilichomewa nyumba, nikafungiwa kisima na nikazuiwa kupiga mayowe.

Usilipe, akasema. Kuna mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama, unaokusanya funguo za bure za virusi vya aina hii. Kwa ukoo wa STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure Oktoba 2019, kinachofungua aina nyingi za zamani. Tulijaribu. Yangu ilikuwa aina mpya. Haikufunguka.

Kisha fundi akaniuliza swali la ajabu: una faili yoyote kubwa ya sauti?

Kirusi hiki kina haraka. Hakifungi faili nzima, hufunga mwanzo wake tu, kama kilobaiti 150. Kwa picha au barua, hiyo hutosha kuizuia isifunguke. Lakini rekodi ya MP3 imegawanyika vipande vidogo vinavyojitegemea. Akaondoa zile herufi nne mwishoni mwa jina, akaifungua kwa programu ya VLC. Kimya kwa muda, mkwaruzo, halafu sauti ya dani ikatoka katikati ya sentensi. Sekunde kama kumi za mwanzo zilikuwa zimekwenda. Zilizobaki, dakika arobaini zote, zilikuwepo.

Sitakuficha, nililia pale kwa fundi.

Usiku huo niliazima kompyuta ya binamu na kuchapa upya hadi jogoo. Picha hazikurudi hata moja. Ijumaa nilienda kwa yule mama nikamwambia ukweli, uso kwa uso. Alikaa kimya, kisha akaingia ndani na kutoka na kitambulisho cha kaka yake. Tukapiga picha ile ndogo, tukaikuza. Ndiyo iliyokaa mbele ya kitabu: marehemu akiwa kijana, ametoa macho kama kila mtu kwenye kitambulisho. Kurasa za picha za ndani nilizijaza maneno ya dani. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Lakini kila nikikutana na mpwa yule sokoni, najua picha za mjomba wake zilipotelea wapi.

Si wewe wa kwanza, wala mimi

Mei 4, 2000, barua pepe zilianza kusambaa kutoka Ufilipino zikiwa na kichwa cha kusema nakupenda na faili iliyoonekana kama barua ya mapenzi. Jina lake liliishia na .TXT.vbs, ila Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho, kwa hivyo watu waliona .TXT tu. Ilikuwa skripti. Ukiibofya, inafuta picha zako kwa kujiandika juu yake, kisha inajituma kwa kila mtu aliye kwenye orodha yako ya anwani. Ilifika hadi Bunge la Uingereza, wakalazimika kuzima barua pepe zao.

Aliyeiandika, Onel de Guzman, alikuwa kijana wa chuo cha kompyuta Manila. Chuo kilikuwa kimekataa pendekezo lake la mradi wa mwisho, kwa sababu lilikuwa la kuiba nywila za watu, na hakuhitimu. Ufilipino haikuwa na sheria ya kumfunga, kesi ikaanguka. Miaka ishirini baadaye mwandishi mmoja Mwingereza alimpata kwenye kibanda cha kutengeneza simu, naye akakiri: alitaka nywila za wengine ili aingie intaneti, maana hakuwa na pesa za kulipia. Mimi pia sikuhitimu, na bando inanisumbua. Namwelewa kuliko ninavyopenda kukubali. Lakini nimekaa upande wa pili wa skripti kama yake, nikimweleza mama aliyefiwa picha zilipo.

Na usifikiri atapona kwetu. Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa pekee kunaweza kukupa faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu.

Wajuzi walijua tatizo hili kitambo. Kwenye mifumo ya Unix, amri inayoitwa sudo iliandikwa karibu 1980 ili mtu akope mamlaka ya mkuu kwa amri moja, kisha ayarudishe. Kwa Windows za nyumbani, tulingoja hadi Vista, 2007, ndipo kile kidirisha cha kuomba ruhusa kikaja. Watu walikichukia kwa kuwasumbua. Kilikuwa kinabisha hodi kwa niaba yao.

Fanya hivi, wikendi hii

Moja. Tenganisha boma na simba. Ukiweka Windows upya, akaunti ya kwanza unayofungua huwa ya msimamizi, na wengi wetu tunaishi humo milele. Fungua akaunti mpya ya msimamizi yenye nywila, hakikisha inafanya kazi, ndipo uishushe ile ya kila siku iwe ya kawaida. Kuanzia hapo kidirisha hakitakuuliza "Yes" tu, kitataka nywila. Zile sekunde tano za kuiandika ndizo za kufikiri.

Mbili. Soma kabla ya kuendesha. Faili za .bat, .cmd, .vbs na .ps1 zinafunguka kwa Notepad. Si lazima uelewe kila kitu. Ukiona vssadmin pamoja na delete, ama Add-MpPreference na Exclusion, ama Invoke-WebRequest, ama iex, ama mstari mrefu wa herufi zisizosomeka baada ya EncodedCommand, simama. Uliza mtu. Na washa ile sehemu ya kuonyesha mwisho wa majina ya faili.

Tatu. Iendeshe kwanza bila mamlaka. Skripti ya kubadilisha majina ya picha au kupanga hati zako haihitaji funguo za boma. Ikikataa, uliza inataka kugusa nini. Jibu lisipopatikana, ifute.

Nne. Maagizo yakikuambia uzime antivairasi kwanza, hapo umeshajibiwa. Mgeni anayetaka mbwa afungwe na askari alale hajaja kusalimia.

Tano. Kama una skripti yako inayohitaji kujiendesha yenyewe kwa mamlaka ya msimamizi, labda kupitia Task Scheduler, usiiache Desktop au Downloads. Kitu chochote kinachoendeshwa kwa jina lako kinaweza kuihariri pale, na kesho mwenye boma ataendesha maneno ya mtu mwingine. Iweke kwenye folda ambayo ni msimamizi pekee anayeweza kuandika. Kosa hili hata mafundi hulifanya.

Sita. Nakili, usihamishe. Kisha weka nakala nyingine kwenye diski ya nje na uichomoe. Diski iliyochomekwa ni sehemu ya boma. Moto ukija, inaungua pia.

Wale wasee wawili niliowapa ile faili kwa flashi, niliwatafuta Jumapili baada ya mazishi. Mmoja hakuwa ameiendesha. Mwingine alikuwa ameiendesha, lakini kwenye akaunti ya mdogo wake isiyo na mamlaka. Ile skripti iligonga ukuta kwenye mstari wa kuzima Defender. Ilipoleta mgeni wake, askari alikuwa macho na akamkamata langoni. Hakupoteza hata picha moja, na hakujua kwamba amepona.

Laptopu ya mathe bado inafanya kazi, niliisafisha na kuweka mfumo upya. Ina akaunti mbili, nimeziita Dala na Simba. Dala ni boma kwa Kiluo. Siku nzima niko Simba. Leo jioni fungua Settings, ingia Accounts, kisha Your info, uangalie chini ya jina lako. Kama pameandikwa "Administrator", basi wewe unalala na funguo zote za boma mkononi, na mlango uko wazi.